Utando Mweupe

Mwaka 2009, maabara niliyokuwa nikifanyia kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kupima dawa za malaria kwa rangi ya SYBR Green, tukipumzisha darubini. Aliyewahi kuhesabu vimelea kwa jicho kutwa nzima atanielewa nilivyoipenda rangi ile. Inajishikiza kwenye DNA, na ukiimulika kwa mwanga wa buluu inatoa kijani. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, basi haina DNA. Kinachong'aa mle ni kimelea: kikizaliana mng'ao unapanda, dawa ikikiua unabaki chini.

Nilichukua 3D7, aina ya kimelea cha malaria cha falsiparamu inayouawa vizuri na klorokwini, nikaigawa pamoja na damu kwenye sahani ya vishimo 96, vingine vyenye klorokwini na vingine bila, nikaiacha saa 72 kwenye nyuzi 37. Kisha nikatia rangi, nikafunika sahani, nikasubiri.

Namba zilipotoka, mikono ilinilegea. Vishimo vyenye klorokwini nyingi kabisa viling'aa. Hii ndiyo dawa niliyonywa utotoni nikajikuna usiku kucha, dawa ambayo Tanzania iliacha kuitegemea mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikwishaizoea. Nikaanza kuamini hata hawa wa maabara wamegeuka.

Mzee, fundi wetu mkuu, alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka safu ya mwisho.

“Hivi navyo vina vimelea?”

“Hapana, Mzee. Ni damu tupu.”

“Mbona vinang'aa?”

Nikanyamaza.

“Mwanangu, ule utando mweupe uliutoa?”

Sikuutoa. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, kati ya maji ya juu na wekundu wa chini hukaa utando mwembamba wa chembe nyeupe. Damu yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, nami niliogopa kupoteza hata tone. Mzee alitengeneza slaidi ya damu iliyobaki, akaipaka rangi ya Giemsa, akanikalisha kwenye darubini. Katikati ya viduara vilivyopauka palikuwa na chembe nyeupe moja, kiini chake cha zambarau kimegawanyika mapande matatu. Kumbe ndizo zilizokuwa zikiniwakia.

Nilirudia yote. Safari hii niliufyonza utando kwa pipeti, na wekundu kidogo ukaenda nao. Siku tatu baadaye damu tupu ilikuwa chini, vishimo vya klorokwini nyingi vikiwa sambamba nayo, na visivyo na dawa vimepanda juu kabisa. Mzee alikwishakwenda nyumbani. Nilimpigia simu, nikamsomea namba safu kwa safu.