Ninavyopatana na mhariri kabla ya kwenda kuripoti

Mwandishi wa kujitegemea hupotezea pesa zake kati ya siku mhariri anaposema "tuma" na siku makala inapotoka. Vyombo vingi hulipa baada ya kuchapisha. Makala ikikaa foleni miezi miwili, nauli na bando ulizolipa mfukoni zinakaa nayo. Ndiyo maana siondoki bila barua pepe ya mhariri inayotaja idadi ya maneno, siku ya kuwasilisha, malipo na lini yanatoka, nani anabeba gharama za safari, na fidia iwapo makala itaachwa. Fidia huwa sehemu tu ya malipo. Ipatane mapema, kwa sababu makala ikishatupwa huna tena cha kushikilia.

Barua hiyo huja upesi pendekezo la makala unalomtumia mhariri likiwa bayana. Mimi huliishia kwenye maneno 200. "Hali ya maji vijijini" haipati jibu. "Kisima kimekabidhiwa bila pampu, mkataba wa mkandarasi ninao" hujibiwa. Wiki ikipita kimya, nakumbusha mara moja, kisha napeleka kwingine.

Wengi huumia kwenye haki. Ukisaini kifungu kinachotoa haki zote, makala na picha zake huwezi kuziuza tena popote. Nauza haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, na hapo ndipo kazi hii inapolipa kweli: safari moja huzaa makala ya gazeti, kipindi cha redio na picha za jarida la sekta husika. Lakini sauti ya redio haiokotwi baadaye. Rekodi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, kinasa sauti kikiwa shibiri moja kutoka mdomoni, ukivaa visikizi ili usikie upepo unapoharibu maneno. Mwishoni acha kirekodi nusu dakika bila mtu kusema. Mhariri wa sauti hutumia ukimya huo kuziba mapengo. Simu iliyolazwa mezani inatosha kunukuu tu.

Ankara naituma pamoja na makala, ikiwa na namba, akaunti na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Kwenye maeneo ya hatari, uliza bima kabla ya malipo. Rory Peck Trust ya London, iliyoanzishwa 1995, husaidia waandishi wa kujitegemea waliopatwa na shida, lakini mhariri anayetaka habari ya vurugu na kukataa kuzungumzia bima, mimi humkatalia.