Gunia Lililofunguliwa Siku ya Idd

Mwaka 2017 nililala chumba kimoja na mbaazi. Yalikuwa magunia 17, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka yakaziba nusu ya dirisha, na nafasi iliyobaki ilitosha kitanda changu na ndoo ya maji basi. Baba aliyashona mwenyewe kwa uzi wa katani, mishono mikubwa iliyonyooka. Gunia linalokwenda sokoni, alisema, livalishwe vizuri kama mtu anayekwenda kuswali Ijumaa.

Magunia yale ndiyo yaliyokuwa ada yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yametoka na ni mazuri, kilichobaki ni chuo. Nyumbani kwetu Mtama, mkoani Lindi, kwenye njia ya kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, mbaazi haikuwa chakula cha kufikiria sana. Ilikuwa inapandwa katikati ya mahindi na mtama, inakuja kukomaa mvua zimeshakwisha, na kwa misimu kadhaa ilikuwa imewaezekea watu nyumba za bati. Korosho ni ya mwenye mikorosho. Mbaazi ni ya kila mwenye jembe.

Kisha mwezi Agosti, India, ambayo ndiyo ilikuwa ikinunua mbaazi zetu karibu zote, ikaweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwao: tani 200,000 kwa mwaka. Wao wenyewe walikuwa wamevuna vya kutosha. Habari hiyo sisi hatukuisikia redioni kwanza. Tuliiona barabarani, malori hayakuja. Mnunuzi wa kwanza aliyepita na pikipiki alitaja shilingi 200 kwa kilo, na baba alidhani anatania, akamkaribisha maji ya kunywa. Wa pili akataja 150. Gunia zima la kilo 100, shilingi 15,000. Baba hakumkaribisha maji yule.

Tangu siku ile hakugusa mbaazi. Mama akizipika na muhogo, baba anakula muhogo peke yake, mbaazi anazisogeza pembeni ya sahani kama mawe aliyoyachambua. Hakusema kitu. Na mama naye alikuwa akipika zile tu zilizobaki kwenye kapu, zilizomwagika wakati wa kupepeta. Magunia yaliyoshonwa hayakuguswa, maana kuyagusa ingekuwa kukiri kwamba mnunuzi haji tena. Usiku nilikuwa nikisikia fukusi wakitafuna. Ni sauti ndogo sana, lakini chumba kikinyamaza unaisikia.

Idd ya kuchinja mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Septemba. Siku mbili kabla yake kaka yangu na mkewe wakaja kutoka Dar es Salaam, na wifi akashuka kwenye basi amepakata boksi kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na presha kuka ya lita 7, aliyoinunua Kariakoo. Kwa kweli ilikuwa nzuri: kifuniko kinazungushwa na kujifunga, mpira mweusi ndani ya ukingo wake, na juu kabisa kizito kidogo cha chuma kinachokaa kwenye tundu la mvuke.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na shinikizo la damu, ugonjwa ambao kwetu watu wanauita presha tu. Aliposikia jina la ile sufuria akainua uso.

"Presha ninayo tayari, wanangu, namezea dawa kila asubuhi. Hii nyingine ya nini?"

Wifi akapiga magoti mbele ya mkeka. "Ile yako imefungiwa mwilini, bibi. Hii imefungiwa kwenye chombo, na mlango wa kutokea inao."

Bibi aliigeuzageuza, akakitazama kile kitundu kwa muda, akasema mlango wenyewe mdogo.

Siku ya Idd mjomba alichinja mbuzi. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo watu wa nyumba nne tano wangekula kwetu. Mchuzi wa mbuzi ulikuwa kazi ya mama. Wifi na mimi tulipewa wali wa kusindikiza, na mama akasema uwe wa mbaazi na nazi, kwa sababu mchele wa bondeni tuliokuwa nao ulikuwa kilo tatu tu na mbaazi zingeutanua. Nilifurahi kupewa kazi ile. Nilitaka ile sufuria ya wifi ifanye kitu siku ile, sijui kitu gani, ila nyumba ilikuwa nzito mno.

Mbaazi zote za kwenye kapu tulikuwa tumeziloweka tangu jana yake. Saa nne asubuhi wifi akaitwa kwa jirani kumsalimia mgonjwa, akaniachia maagizo: zisipite nusu ya sufuria, tone la mafuta, na nazi isiingie kwanza. Nilimsikia vizuri. Lakini mama alipopita akaona sufuria ina nafasi kubwa iliyobaki, akauliza kwa nini tuchemshe mara mbili kitu kinachoweza kuiva mara moja, na tui la kasimile tayari lilikuwa limekamuliwa, limejaa kwenye bakuli. Nikamimina zote. Nikamimina na tui. Nikafunga.

Kwa dakika kumi hivi kulikuwa kimya. Kisha kizito kikaanza kucheza, mvuke ukatoka, na nyuma ya mvuke likaja povu. Povu la mbaazi ni zito na lina maganda ndani yake. Lilichuruzika kifuniko kizima, likarukia ukuta wa jiko, likaangukia makaa yakanuka. Halafu mvuke ukapungua ghafla, kumbe ganda limeziba njia. Niliitoa jikoni kwa vitambaa viwili, nikaiweka mchangani, nikawaambia watoto waende mbali. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Bibi hakusema lolote. Alisogeza mkeka wake nyuma, akaendelea na tasbihi.

Wifi aliporudi hakunigombeza. Alimwagia kifuniko maji ya baridi polepole, akasubiri, akakigonga kile kizito kwa kijiko hadi akasikia pumzi ya mwisho imetoka, ndipo akafungua. Juu mbaazi mbichi, chini zimeshika na kuwa nyeusi, na tui limekatika, mafuta peke yake na machicha peke yake. Harufu ya moto ilikuwa imeingia mpaka katikati. Haikuwa na cha kuokoa.

Leo nafundisha fizikia, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya mchemko nawaambia wanafunzi habari ya Denis Papin, Mfaransa, ambaye mwaka 1679 kule London aliwaonyesha wanasayansi chungu kilichofungwa kikalainisha mifupa. Maji kwenye sufuria ya wazi hapa pwani hayapiti nyuzi 100, hata ukoleze moto namna gani. Ukiufungia mvuke, yanafika kama 120, na hizo 20 za ziada ndizo zinazoifanya mbaazi kavu ikubali haraka. Papin aliweka na tundu la usalama. Nikilifikia hilo tundu nasimama kidogo darasani, maana naliona lile ganda moja la mbaazi limekaa juu yake.

Basi ikawa saa tano, wageni wanakuja saa nane, na kapu ni tupu.

Tulitazamana, mama, wifi na mimi. Wali mtupu ungewezekana, ila kilo tatu zisingetosha watu wale. Wote tulijua mbaazi ziko wapi, na hakuna aliyetaja. Mama alianza kusema ataomba kwa jirani, akaishia katikati, kwa sababu jirani naye ana magunia yaliyoshonwa kama sisi.

Baba alikuwa amekaa kibarazani na mjomba. Nadhani harufu ndiyo iliyomwita. Alikuja mpaka mlango wa jiko, akatazama ukuta, akatazama ile sufuria, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaanza kulia. Hakuuliza nani kafanya. Alikwenda chumbani kwangu, na mimi nikamfuata nikiwa nimeshika ungo bila kujua kwa nini.

Alichukua gunia la juu kabisa, la karibu na dirisha. Kisu kilikuwa mkononi lakini hakukata. Alitafuta fundo la mwisho, akalifungua kwa kucha, akaanza kuuvuta uzi mshono mmoja mmoja, polepole, ukitoka mzima. Vumbi la mbaazi lilikuwa likipanda kwenye mwanga wa dirisha. Alipomaliza akaukunja ule uzi kwenye vidole vyake vinne, kama mvuvi akunjavyo mshipi, kisha akaingiza sado na kuchota.

"Hizi hazikulowekwa," alisema. "Zitaiva saa ngapi?"

Wifi, kutoka mlangoni, akajibu: "Dakika 25 tangu ianze kulia, baba."

"Dakika 25." Alilirudia kama mtu aliyetajiwa bei. Kwenye sufuria ya kawaida mbaazi kavu za namna ile zilikuwa zikimmalizia mama mkaa, saa moja na nusu na zaidi.

Mara hii tulifanya kwa adabu. Tulichambua, tukatoa zenye tundu la fukusi, tukaosha. Nusu kilo ya mbaazi tu, maji, kijiko cha mafuta ya kuzuia povu, na nusu ya sufuria haikuvukwa. Kizito kilipoanza kulia wifi akapunguza makaa kwa koleo mpaka ikabaki sauti moja, psi, psi, psi, na mjomba akatoka kibarazani na saa yake ya mkononi akawa ndiye mshika dakika. Zilipotimia tukaitoa, ikapumua yenyewe. Mbaazi nilizibonyeza kwa vidole: ganda limekaa zima, ndani laini kama kiini cha yai. Maji yake yalikuwa yamekuwa ya udongo mwekundu, tukayabakisha kikombe kimoja kwa ajili ya rangi.

Nikakaanga kitunguu humo humo ndani na bizari nyembamba na iliki mbili zilizopondwa, nikaweka mchele kilo moja, mbaazi, chumvi, na tui jepesi, lile la mkamuo wa pili. Kwa kila kikombe cha mchele tuliweka kikombe kimoja na robo, maana ndani ya chombo kilichofungwa maji hayana pa kukimbilia. Ukipima kama sufuria ya kawaida unapata bokoboko. Dakika tano za mlio, dakika kumi za kuachwa.

Hapo mama akaja na koleo lenye makaa. Kwake wali wa nazi usiopaliwa haujaiva, na alikuwa akienda moja kwa moja kuyaweka juu ya kifuniko kile, juu ya mpira. Wifi alipiga kelele, "Mama, hapana!" Mama akasimama na makaa yake hewani. Mkwe kumpigia mama kelele, siku ya Idd, mbele ya mjomba. Wifi alikwenda akamshika mkono, akamweleza taratibu kwamba mpira utayeyuka na mvuke umo bado.

Tukakubaliana hivi, na mpaka leo nyumbani kwetu hatupiki kwa namna nyingine: presha ikishapumua, wali unahamishiwa kwenye sufuria ya mama, tui la kasimile linamiminwa juu bila kukoroga, unafunikwa, unapaliwa makaa juu na machache chini, robo saa. Tui zito halichemshwi kwa kufungiwa. Linaingia mwisho. Tulirudia mara tatu, kilo moja moja, na wageni walipofika sufuria ya mama ilikuwa imejaa hadi ukingoni, nyeupe yenye madoa mekundu, inang'aa mafuta ya nazi.

Mchuzi wa mbuzi ulikuwa mzuri, sitasema uongo, lakini watu waliongezewa wali. Bibi alipopelekewa sahani yake akaifunua, akaipekua kwa kidole, akauliza ukoko uko wapi. Alikuwa ameshakata tamaa kwamba chombo cha Dar hakitoi ukoko. Nikamletea sufuria yenyewe na kijiko. Akakwangua mwenyewe, ukatoka kipande kizima cha rangi ya kahawia, chenye mbaazi mbili zimekwama ndani, na akakivunja kwa meno yake machache kwa sauti niliyoisikia kutoka jikoni.

Baba alikuwa akila sinia moja na mjomba na kaka. Nilikaa mahali ninapomwona mkono. Alikuwa akichukua tonge kama wengine, na mbaazi hakuzisogeza.

Ada yangu ililipwa na mjomba. Msimu ule korosho zilivuka shilingi 3,500 kwa kilo minadani, na alikuja na pesa amezifunga kwenye leso, akampa mama, siyo mimi. Magunia tisa baba aliyauza mwaka uliofuata kwa bei nisiyopenda kuitaja. Manane tuliyala, sisi na watu wetu, na wifi aliporudi Dar aliiacha presha kuka kwa mama.

Lakini usiku ule wa Idd, nilipoingia kulala, lile gunia la dirishani lilikuwa wazi bado, limekunjwa mdomo kama la mchele dukani. Uzi wa katani baba aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, umefungwa fundo katikati. Nilimsikia akipita ukumbini na taa, akasimama.

"Mwanangu, kesho ziloweke mapema," alisema. "Za asubuhi, na chai."