Pistoni ya SAR yangu, Lukaya 1979

Mwezi wa saba nikipata nauli huwa naenda Kaboya, wilayani Muleba, walikolala wenzetu wa vita vya Kagera. Ni tarehe 25, Siku ya Mashujaa. Shughuli zikiisha, wazee tuliobaki tunatafuta kivuli, tunaulizana habari za magoti na wajukuu, kisha mazungumzo yanaangukia bunduki. Safari hii kijana mmoja aliyekuwa amemsindikiza babu yake alituambia kwa uhakika kabisa kwamba SMG haikwami, hata uifukie matopeni mwaka mzima. Wazee wawili wakaitikia. Mimi nilikataa, lakini gari lilikuwa linaondoka na sikumaliza nilichotaka kusema. Namalizia hapa.

Kwanza majina, kwa wasiojua. Kwetu AK ya Kichina ni SMG. Ile ndefu kuliko hiyo, yenye singe ya kukunja chini ya mtutu, ni SAR. Zote mbili zinakula risasi ileile ya 7.62. SMG ina magazini ya risasi 30, unachomoa na kupachika nyingine. SAR ina tumbo la risasi 10 lisilochomoka. Unafungua juu, unazishindilia kwa kidole gumba kutoka kwenye klipu. Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa Novemba 2, 1978, nilikuwa na miaka 21, nalima pamba kwa baba. Nikaingia mgambo, nikapewa SAR.

Zilitoka masandukuni zimejaa grisi nzito ya ghalani. Koplo aliyetufundisha, Mungu amrehemu, alitukalisha siku mbili nzima tukifuta grisi kabla ya kugusa risasi hata moja. Tulinung'unika. Siku ya shabaha tukamwelewa. Pini ya kufyatulia ya SAR haina springi. Inacheza huru ndani ya boliti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kufunga nyuma yake. Grisi ikiigandisha ikiwa imechomoza mbele, boliti ikijifunga tu, risasi inalipuka yenyewe bila kidole kugusa triga. Kuruta mmoja alikuwa hakusafisha ndani ya boliti. Alifyatua moja, zikatoka tatu, bunduki ikamruka mikononi. Hakuumia mtu, lakini uwanja mzima tulikuwa tumelala kifudifudi.

Koplo huyohuyo alikuwa na msemo wake: maji moto kwanza, mafuta baadaye. Fataki za risasi zile, vile viwashio vidogo vilivyo kwenye kitako cha risasi, ziliacha chumvi kila ulipopiga. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu, na katika nchi ya mvua kama Kagera usiku mmoja unatosha. Mafuta hayaondoi chumvi, yanaifunika tu. Inayoiondoa ni maji. Kwa hiyo jioni, sufuria ya chai ikichemka, kikombe kimoja kilikuwa cha bunduki: unamimina ndani ya mtutu, unamimina kwenye mrija wa gesi, unaosha pistoni, ile fimbo ya ndani yake inayosukumwa na gesi ya risasi ili irudishe boliti nyuma, unakausha, ndipo unapaka mafuta. Wengine waliona ni kupoteza chai.

Nilifuata agizo hilo hadi Mutukula, mpakani na Uganda, na baada ya hapo. Tulipoingia Masaka, Februari 24, nilikuwa nimechoka mno. Nilivuta kitambaa ndani ya mtutu, nikaangalia kwenye mwanga, nikaona kioo kitupu. Ndani ya mtutu ule kulikuwa na kromu, na kromu haishiki kutu upesi. Nikaridhika. Mrija wa gesi sikuufungua, kwa sababu kishikio chake kilikuwa kigumu na vidole vilikuwa vinaniuma. Kesho yake nikasema kesho. Zikapita wiki mbili.

Machi 10 tulikuwa Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, kulia kinamasi, kushoto kinamasi. Walibya waliotumwa kumsaidia Amin walikuja na vifaru kabla hatujajiweka sawa. Wengi wetu tulikuwa mgambo, na hatukuwa tumewahi kuona kifaru kikitujia. Nililala ukingoni mwa barabara, nikalenga, nikafyatua. Risasi ya kwanza ilikwenda. Nikavuta tena triga: kimya. Nikatazama, nikakuta ganda la risasi limesimama wima kwenye mlango wa kutolea maganda, boliti limelibana kama mlango uliofungwa ukashika nguo ya mtu.

Sikujua kwa nini, na hapakuwa na nafasi ya kujiuliza. Nililing'oa kwa kidole, nikavuta boliti kwa mkono, nikafyatua. Likasimama tena. Pistoni ilikuwa imeshika kutu ndani ya mrija wake, gesi haikuwa na nguvu ya kuisukuma hadi mwisho. Bunduki iliyotengenezwa ijikoki yenyewe ikageuka ya kukoki kwa mkono kila risasi. Sijui nilipiga ngapi. Najua tu nilikuwa nalia.

Mwenzangu wa kulia alikuwa na SMG, na hapa ndipo nataka yule kijana wa Kaboya anisikilize. Sefti ya SMG ni bamba refu ubavuni. Likiwa juu, linaziba mwanya ambamo kishikio cha kukoki hupita. Ukilishusha, mwanya unabaki wazi. Yeye alilishusha mapema kwa sababu linalia kwa sauti kubwa, na usiku sauti ile inasikika mbali. Kisha akatambaa mita kadhaa kwenye tope. Alipiga magazini ya kwanza vizuri. Ya pili ilikuwa imedondoka matopeni, akaipachika hivyohivyo, risasi mbili zikatoka, ya tatu ikagoma kuingia. Alisimamisha bunduki kwenye kitako, akakipiga teke kishikio kwa kisigino cha buti hadi kikashuka, ikaendelea. Kwa hilo naisifu: SMG ikikwama unaweza kuikwamua kwa buti. Lakini ilikwama, niliiona kwa macho yangu.

Tulirudi nyuma usiku ule. Alfajiri ya tarehe 11 tukarudishwa mbele, huku Brigedi yetu ya 208 ikiwa imezunguka kuwakatia njia ya nyuma. Mimi nilirudi mbele na pistoni niliyoiosha gizani kwa maji ya chupa na mkojo, nikaisugua kwa mchanga. Ilifanya kazi.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Wamarekani na M16 yao kule Vietnam, nikaiweka karatasi chini. Bunduki ilikuwa mpya na nyepesi. Chemba yake, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haikuwa na kromu, baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, haikuwa tena ile iliyojaribiwa nayo, vifaa vya kusafishia havikuwafikia wote, na askari waliambiwa haihitaji kusafishwa sana. Ganda likaganda ndani ya chemba, na pasipo fimbo ya kulisukumia kutoka mdomo wa mtutu halitoki. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao ililichunguza jambo hilo. Chemba zikatiwa kromu, fimbo zikagawiwa. Wale vijana walidanganywa. Mimi nilikuwa nimeambiwa ukweli kila jioni na koplo mwenye sufuria mkononi, na hilo linaniuma hadi leo kuliko kama nami ningedanganywa.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, na kufika Burma mwaka 1944, aliniuliza niliporudi nilikuwa na bunduki gani. Nikamweleza. Akasema yake ilikuwa ya kukoki kwa mkono tangu kiwandani, na masika yote ya kule aliifunga mdomo kwa kitambaa. Hakusema zaidi.

Vita vilipokwisha, kabla ya kurudisha silaha, nilikaa na SAR ile siku mbili. Sikuambiwa na mtu. Nilichemsha maji mara nne. Mtunza ghala alikuwa sajenti mzee asiyecheka. Wengi aliwarudisha wakasafishe upya. Kwangu hakutazama mtutu kabisa. Alizungusha kishikio, akatoa mrija wa gesi, akauinamisha juu ya kiganja chake. Pistoni ikateleza yenyewe, ikamdondokea mkononi.

"Pita," akasema.