Siku moja maishani mwangu: nikiwatafsiria akina Roy

Saa 1:30 asubuhi. Chai haijapoa na mzee Logan Roy ameshanitukana mara nne. Kazi yangu ni kuandika manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Leo nipo msimu wa 4 wa Succession, tamthilia ya Kimarekani kuhusu familia tajiri ya Roy, sehemu ya 2: kesho yake Connor, mtoto wa kwanza wa Logan, anaoa, na baba anataka kumuuzia Lukas Matsson, yule Msweden mwenye kampuni ya GoJo, kampuni yake ya Waystar Royco. Watoto wanataka bei ipande.

Saa 2:15. Nina mistari 2, kila mmoja usizidi herufi 42. Kwa tusi, nafasi hiyo inabaki. Logan ana tusi moja la maneno mawili analolitumia kwa kila kitu: kufukuza, kukataa, hata kucheka. Akifoka naandika "Toka!" Akidharau, "Potelea mbali." Akitania, "Acha zako." Ukichagua moja ukaling'ang'ania, umemfanya mzee awe na hasira saa zote, na raha yake ni kwamba hujui lini anatania.

Saa 4:00. Greg, mjukuu wa kaka yake Logan. Huyu anababaika kwa lugha ya barua za kiofisi, hivyo nampa "kwa mujibu wa" na "naomba kuwasilisha". Nimecheka peke yangu.

Saa 5:20. "Baba" linanitesa. Kwa Kiswahili neno hilo huja na adabu zake, na Roman, mtoto mwingine wa Logan, adabu hana. Nilijaribu "Mzee", nikalifuta. Basi amwite Baba, huku wanambania dili lake. Inachekesha zaidi hivyo.

Saa 6:40 mchana. Nimefika chumba cha karaoke. Logan anakuja mwenyewe, anajikongoja na nusu ya samahani, watoto wanaikataa. Ndipo anawaambia anawapenda, ila wao si "serious people". Si watu wa... wa nini?

Hapo nimekaa saa nzima na zaidi. "Hamko siriasi" ndivyo tunavyosema kila siku, lakini hilo ni la mtu anayedhani unamtania. Kesho utakuwa siriasi. Mzee hasemi walivyo leo, anasema walivyo. Kwa hiyo "si watu", siyo "hamko". "Si watu wa maana" ni tusi la ugomvi wa mtaani, na yeye hapo hagombani. Brian Cox, mwigizaji wa Logan, analitamka kwa uchovu, karibu kwa huruma. "Hamna uzito" linahitaji maelezo. Nimeandika: "Nawapenda, lakini nyie si watu makini." Herufi 38.

Saa 8:10. Chakula, haraka.

Saa 9:00. Bodi, hisa, kura. Haya hayanisumbui, kurasa za biashara zilishayazoea zamani.

Saa 11:30 jioni. Nimetuma faili. Mhariri wangu amepiga kabla sijasimama.

"Dada, hapa kwenye karaoke. Makini? Si kama anawaambia wavuke barabara vizuri?"

"Kaka, isome kwa sauti, taratibu."

Akaisoma. Kimya kidogo.

"Mh. Sasa hiyo 'lakini' weka 'ila'. Mzee aliyechoka hasemi 'lakini'."

Nimefungua faili tena.