Rejista, Mwezi na Bibi wa Kibirizi

Jumapili usiku, Ujiji. Umeme umekatika, naandika kwa tochi ya simu.

Mimi ni mwalimu wa "nimeona kwa macho yangu". Miaka yote nimeapa kwamba somo likirudiwa mara tatu kwa sauti, darasa zima likiimba nami, limeingia. Kengele ikilia, mikono yote juu! Mwaka jana mwenzangu aliyerudi masomoni akanisimulia jaribio la Roediger na Karpicke, Marekani, 2006. Wanachuo walisoma kifungu. Baadhi wakakirudia kukisoma, wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, wao walikumbuka asilimia 42, wale waliojipima 56.

Sasa mimi huwa nawapima wanangu lini? Dakika ile ile ya tano.

Nikaanza kuhesabu. Kila Jumatatu zoezi fupi la mambo ya wiki iliyopita, alama naziandika nyuma ya daftari la maandalio. Zilinivua nguo, tuyaache hayo. Kilichonisumbua ni kwamba zilipanda na kushuka pamoja na mahudhurio, na watoro walikuwa wale wale saba. Nikasingizia malaria, nikasingizia mvua.

Jana nilishuka Kibirizi, kwenye mwalo wa ziwani, kununua dagaa. Bibi mmoja alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, mjukuu wake (mmoja wa saba wangu!) akijificha nyuma ya beseni.

"Shikamoo, bibi. Huyu mbona shule haji?"

"Marahaba, mwalimu. Kwani wewe huangalii mwezi?"

Nikasimama kama mjinga. Dagaa huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikitawala, taa haina kazi na mitumbwi hupumzika. Giza likirudi, dagaa wanajaa, na asubuhi lazima waanikwe kabla hawajaharibika. Mikono midogo inahitajika.

Usiku huu nimeweka rejista kando ya kalenda ya msikitini. Mwezi wa kwanza wa hesabu yangu: tarehe 13 mpaka 16 za Kiislamu, mbalamwezi imejaa, saba wote wapo. Mwandamo, hamna hata mmoja. Mwezi wa pili vivyo hivyo, nikaanza kujipongeza.

Wa tatu umenigomea. Giza totoro, na madawati yamejaa.

Kesho jioni narudi Kibirizi na rejista yangu kwapani, nikamwoneshe bibi.