Masanduku Manane ya Kwenda Bombo

Safari yetu ya kwenda Uganda mwezi wa Agosti 2025 ilianza mwezi wa Machi, siku ambayo dada yangu alinitumia kwa simu picha za nyayo kumi na moja zilizochorwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi za daftari. Katikati ya kila unyayo lilikuwa limeandikwa jina la mwenyewe, na chini ya karatasi ya mwisho mtu alikuwa ameongeza kwa herufi kubwa: "VYA SHULE, VYEUSI." Nilizitazama kwa furaha, kisha nikatambua kwamba picha ya simu haina kipimo, kwa maana unyayo wa mtoto wa miaka sita na ule wa kijana wa miaka kumi na tano ulionekana sawasawa kwenye kioo. Ilinibidi nimwombe dada airudie kazi yote, safari hii akiweka rula kando ya kila mguu.

Sisi ni Wanubi wa Bombo, ule mji wa kambi ya jeshi ulioko kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu, ambako mtoto hukua na Kinubi nyumbani, Kiswahili kambini na sokoni, na Kiganda kwa majirani. Mimi na mume wangu tumeishi London miaka kumi na miwili, na watoto wetu wawili wamezaliwa huko. Hatukuwa tumekwenda nyumbani kwa miaka minne, na mtu aliyekaa mbali muda wote huo hawezi kushuka kwenye gari mikono mitupu huku ukoo mzima umesimama uani kumpokea.

Mama peke yake ndiye hakuagiza kitu cha dukani. "Mimi viatu ninavyo, mwanangu," aliniambia. "Niletee picha yangu tu." Alimaanisha picha ya harusi yake na marehemu baba, iliyopigwa studio mwaka 1974, ambayo nilikuwa nimeichukua safari iliyopita ili nikaitolee nakala kubwa kabla haijafifia kabisa. Ni picha ndogo kuliko kiganja, nyeusi na nyeupe, nayo ina mkunjo unaopita begani kwa baba na kukata shada la maua alilolishika mama. Mkunjo ule una historia yake. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwezi wa Aprili 1979, Wanubi wengi waliandamwa kwa kuhusishwa naye na kukimbilia Sudan na Zaire, na mama, aliyekuwa na kaka yangu mchanga mgongoni, aliikunja picha hiyo mara mbili, akaishona ndani ya upindo wa kitenge cha kumbebea mtoto, na kutembea nayo hadi Yei, kusini mwa Sudan. Aliporejea Bombo baada ya miaka mingi ya ukimbizi, karibu kila kitu cha nyumba yake kilikuwa kimekwenda, isipokuwa picha hiyo.

Nilianza ununuzi mapema kwa kudhani kwamba kuanza mapema kungenipunguzia adha, lakini nilikosea. Maduka ya London huweka viatu vya shule kwa wingi katika wiki za kabla ya shule kufunguliwa, na mtu anayevitafuta mwezi wa Aprili huoneshwa makubadhi ya kiangazi. Namba nazo zilinisumbua, kwa sababu rula ya dada ilinipa sentimita, dukani kulikuwa na namba za Kiingereza, na ndani ya viatu vyenyewe mara nyingi namba zilikuwa za Ulaya, kiasi kwamba kiatu cha 38 katika duka moja kilikuwa 5 na katika duka jingine kilikuwa 5 na nusu. Nilirudisha jozi nne. Jumamosi baada ya Jumamosi nilisimama kwenye foleni nikiwa na karatasi za nyayo mkobani na watoto wawili waliochoka, na kila nilipofika nyumbani nilikuta ujumbe mpya kwenye simu, wa binamu aliyekumbuka kitu au wa shangazi aliyesikia kwamba wengine wameagiza.

Tiketi zetu ziliruhusu masanduku mawili kwa kila abiria, kila moja lisizidi kilo 23, kwa hiyo watu wanne tulikuwa na masanduku manane. Jambo ambalo wengi hawalifahamu mpaka wafike kaunta ni kwamba kilo hizo hazichanganywi: sanduku la kilo 26 haliokolewi na jirani yake mwenye kilo 18, ingawa yote ni ya familia moja na yanaingia kwenye ndege moja. Sina ugomvi na kuwepo kwa kikomo, hasa kile cha kilo 32 ambacho sanduku moja halipaswi kukivuka, kwa kuwa kimewekwa kulinda migongo ya vijana wanaoinua mizigo mchana na usiku. Nyumbani nilipima kwa mizani ya bafuni, nikisimama kwanza mwenyewe, kisha nikiwa nimelikumbatia sanduku, halafu nikitoa. Nilimaliza saa nane za usiku, kila sanduku likiwa chini ya 23, na la tano, ambalo lilibeba nguo za watoto na jozi saba za viatu, likiwa na kilo 20 tu.

Picha ya mama niliiweka katika begi langu la mkononi, ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya vipande viwili vya boksi nilivyovikata sawa na kuvifunga kwa uzi. Nilikuwa nimeapa kwamba bahasha hiyo haitatoka mkononi mwangu.

Pale kaunta mhudumu alipima masanduku manane bila neno, kisha akaomba begi la mkononi liwekwe kwenye mizani. Kikomo kilikuwa kilo 7, na langu lilikuwa na 9.4. Nilimwomba aniruhusu kulipia tofauti, lakini alisema begi la mkononi halilipiwi, bali hupunguzwa. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, mtoto wangu mdogo alikuwa analia kwa usingizi, na mume wangu alikuwa tayari amelifungua sanduku la tano sakafuni. Nilishika kwa mikono miwili tabaka zima la juu la begi langu, sweta, vitabu vya watoto na jozi ya viatu ambavyo havikupata nafasi kwingine, nikalisukuma ndani ya sanduku na kulifunga. Mkono wangu haukuhisi bahasha. Niliikumbuka tukiwa juu ya Ulaya, nilipotaka kumwonesha binti yangu sura ya babu yake.

Tulibadilisha ndege katika mji mmoja wa Ghuba. Ndege ya kwanza ilichelewa, na muda wa kuunganisha uliokuwa wa saa mbili ukabaki dakika hamsini. Binadamu anaweza kukimbia, nasi tulikimbia, lakini sanduku halikimbii. Lazima lishushwe, lisomwe kibandiko chake, lipite ukaguzi na kupelekwa upande mwingine wa uwanja, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mizigo inayochelewa duniani huachwa hapo hapo kwenye kuunganisha ndege. Entebbe tulisimama kando ya mkanda unaozunguka mpaka abiria wote wakaondoka. Yalitoka masanduku saba, kisha mkanda ukasimama.

Katika ofisi ya mizigo kijana mmoja mpole alisoma namba ya tarakimu kumi kwenye kipande cha kibandiko nilichobaki nacho, akatuuliza rangi na umbo la sanduku, akachapa ripoti yenye alama kumi zinazoanza na herufi EBB, ambazo ndizo zinazoutambulisha uwanja wa Entebbe, na kutuambia tusiipoteze karatasi ile. Nilimuuliza sanduku liko wapi. Alijibu kwamba kompyuta haijamwambia. Sikumkasirikia yeye, maana si yeye aliyeliacha, lakini nilikasirika, na hadi leo nakasirika, kwamba kampuni inayoweza kujua nimekaa kiti gani na nimeagiza chakula gani haikuweza kuniambia mzigo wangu uko nchi gani.

Tulipita barabara mpya ya kulipia, shilingi 5,000 kwa gari dogo, tukazunguka Kampala kwa njia ya kando ya kaskazini, tukapita Kawempe na Matugga, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mama. Uani kulikuwa na vigelegele, watoto wakakimbilia masanduku, na mama alinikumbatia muda mrefu kabla ya kuuliza. Nilipomweleza, hakunilaumu. Alikaa kimya, akakunja pindo la kanga yake kwenye kidole, kisha akasema: "Niliibeba kwa miguu mpaka Yei, mwanangu, na njiani kulikuwa na watu wenye bunduki."

Siku sita zilizofuata nilipiga simu asubuhi na jioni. Namba ya Entebbe iliita bila kupokelewa, na ile ya makao makuu ya kampuni ilinirudisha kwenye muziki na sauti ya kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Wakati huo watoto hawakuwa na nguo za kubadili, na wapwa saba walikuwa wanawatazama wenzao wanne wakitembea uani na viatu vipya. Siku ya tatu nilipanda teksi ya abiria kwenda Kampala pamoja na binti yangu na dada.

Tulianzia Kikuubo, ile njia nyembamba ya maduka ya jumla ambamo wachukuzi hupita na marobota kichwani wakikupigia kelele usogee, kisha tukaingia Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Dada alikuwa amenionya nisifungue mdomo, kwa kuwa Kiswahili changu cha Bombo kingetufaa lakini wasiwasi wangu ungetuuza. Alikuwa ameshamshusha muuzaji wa magauni kutoka 40,000 hadi 22,000, na mkono wake uko kwenye pochi, binti yangu aliposema kwa Kiingereza safi, tena kwa sauti ya darasani, "Mama, mbona ni rahisi hivyo, ni kama pauni tano tu!" Muuzaji alimtazama, akanitazama mimi, akalirudisha gauni kwenye kamba. "Nyabo, hilo ni la elfu arobaini," alisema, na hapo ndipo bei ilipobaki.

Viatu vya shule tulivipata safu ya pili, vyeusi, imara, vya namba zote, na nilisimama mbele yake nikihesabu Jumamosi zangu. Sisemi zawadi ya kutoka mbali haina maana, kwani mtoto hufurahi kusema kiatu chake kimetoka London. Lakini jozi saba nilizonunua pale, pamoja na nguo, zilinigharimu shilingi 310,000 zote pamoja, sikuzipima kwenye mizani ya bafuni, wala hakuna mtu aliyezichukua mkononi mwangu kwa sababu ya kilo mbili na nusu. Nilimwomba mama muuzaji risiti. Alichana kipande cha boksi, akaandika kwa bik ya buluu, "Viatu jozi 7, suruali 2, gauni 3, 310,000," na namba yake ya simu, akanipa.

Usiku nilisoma kanuni kwa taa ya simu, nami naandika hapa nilichokikuta kwa sababu wengi wetu tunaorudi nyumbani na mizigo hatuambiwi. Safari za ndege za kimataifa kama yetu husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo ambao haujafika ndani ya siku 21 abiria ana haki ya kuudai kama uliopotea. Ukifika umeharibika, malalamiko ya maandishi hupelekwa ndani ya siku 7. Ukifika umechelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Fidia ina kikomo, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 kwa kila abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Abiria anaweza kutangaza thamani kubwa zaidi kabla ya safari na kulipia nyongeza. Nilijaribu kufikiri ningetangaza thamani gani kwa bahasha ya kaki, na sikupata namba.

Siku ya sita simu iliita yenyewe. Sanduku limefika, tulifuate. Kutoka Bombo hadi Entebbe ni kuvuka Kampala nzima, na mume wangu alitumia siku yote barabarani. Kufuli lilikuwa limekatwa na zipu imefungwa kwa utepe wa plastiki. Mama hakungoja lifunguliwe vizuri. Alipenyeza mkono chini ya sweta kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku, akaitoa bahasha, akakata uzi kwa meno. Boksi la juu lilikuwa limelowa pembeni, lakini maji hayakufika ndani. Aliipeleka picha mlangoni penye mwanga, akapitisha ukucha juu ya ule mkunjo, na kuingia nayo chumbani bila kusema neno.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Tulibeba ndizi za matoke, ambazo Uingereza inaruhusu msafiri kuingia nazo, na samaki wakavu. Samli aliyoipika shangazi ilibaki kwa dada, kwa kuwa mazao ya maziwa kutoka Uganda hayaruhusiwi kule, na karanga za kusaga zilihamia sanduku kubwa, maana kwenye begi la mkononi huhesabiwa kama kimiminika na kikomo chake ni mililita 100. Begi langu la mkononi lilikuwa na kilo 4. Picha ilibaki Bombo.

Kampuni ilijibu madai yangu mwezi wa Oktoba. Imekubali kulipia kufuli na dawa za watoto nilizonunua katika duka la dawa lenye risiti iliyochapwa. Manunuzi ya Owino imeyakataa, ikisema uthibitisho niliotuma hauna jina la biashara, tarehe wala muhuri. Nimewaandikia tena, nikaambatisha picha ya kipande cha boksi pande zote mbili, nikawaeleza soko lile ni soko gani na linauza vipi, na kwamba namba ya simu ya yule mama iko hapo chini, wampigie.