Ile "utahisi tu" yangu

Leo nimetoka naiti saa moja na nusu asubuhi, nimefika feri watu wanamiminika kutoka Likoni kuja mjini, mie peke yangu ndo naenda kinyume chao. Nimejibanza pembeni na simu nimalizie kusoma manake asaimenti ni ya leo usiku. Ndo maisha ya mastaz haya. Mwenzangu mmoja wa wadi, hapo hospitali, kila siku ananiuliza natafuta nini shule na mvi zishaanza, miaka 14 kazini, mshahara unaingia, sasa mkopo wa sako wa nini. Namwambia nataka kuwa mwalimu wa manesi. Hucheka. "Kwani hapa wadini huwa wafanya nini, si wafundisha?"

Na mie nilikuwa naona hivo hivo, kusema ukweli.

Sasa masomo yetu mengi ni ya jioni kwa laptop, lakini kila muhula kuna siku za kukutana, na safari hii ilikuwa kila mtu afundishe wenzake kwa dakika 15, somo dogo tu, mwalimu amekaa nyuma na fomu yake. Nikachagua kuweka kanyula, kile kijibomba cha plastiki cha kupitishia dripu, kinachoingia mshipani kikiwa kimevishwa juu ya sindano. Nikasema hii ni kumsukuma mlevi. Nimeweka ngapi mie? Watoto wa kuharisha mishipa imelala, wazee mishipa inakimbia chini ya ngozi, na huku kwetu kuna mtihani wa ziada, wenye hina. Bibi harusi wa juzi analetwa usiku homa imempanda, mikono ina piko maua na majani mpaka juu, huoni mshipa hata mmoja. Hapo macho hayana kazi, unatafuta kwa ncha ya kidole, na mie huwa nafumba macho kabisa, wagonjwa wengine huogopa wakiniona.

Bas nikasimama mbele na ule mkono wa plastiki, nikaanza. Unafunga mpira, unapapasa, utahisi mshipa. Unapaka spiriti unaiacha ikauke, unaingiza, utahisi umeingia, damu ikirudi unasukuma plastiki, unachomoa sindano, plasta, kwisha. Dakika 9. Nikatabasamu. Mwalimu akainua kichwa akasema, "Sista, umesema utahisi mara tano. Anahisi nini?"

Nikasema mshipa.

"Mshipa ukoje?"

Wallahi nilinyamaza mpaka nikaisikia feni inavyolia.

Niliporudi nikamwomba yule mwenzangu anirekodi mikono tu, kwa mkono wa plastiki jamani, si mgonjwa, msinianze. Usiku nikaiangalia ile video polepole. Damu inatokea kwenye kile kichemba cha nyuma ya sindano, na papo hapo mkono wangu unashuka. Unalala karibu na ngozi, unasogea mbele kidogo mno, milimita mbili hivi, halafu ndo kidole kinasukuma plastiki. Niliirudia mara nane. Miaka yote hii sijawahi kumwambia mwanafunzi kitu kama hicho, wala sikujua kama nafanya! Na sababu iko wazi kabisa ukikaa ukafikiri: ncha ya sindano imetangulia mbele ya plastiki, kwa hivo ile damu ya kwanza inakwambia sindano iko ndani, plastiki yenyewe bado iko mlangoni. Ukiisukuma hapo inagonga ukuta wa mshipa haiendi, na ukiendelea mbele bila kuilaza sindano unatokea upande wa pili, mkono unavimba.

Kuna mama mmoja tunamsoma, Patricia Benner, nesi wa Marekani, mwaka 1984 aliandika juu ya ngazi 5 anazopanda nesi kutoka mgeni hadi bingwa, wazo akalitoa kwa ndugu wawili, kina Dreyfus, waliokuwa wakichunguza marubani na wacheza chesi. Nilimsoma ili nifaulu tu, haya mambo ya nadharia huwa yananipa usingizi. Kumbe ananisema mie. Anasema mgeni anashikilia sheria, moja mbili tatu, bingwa sheria ashaziacha, anaona jambo lote kwa mara moja, na ukimuuliza umejuaje, kukueleza inamwia vigumu. Sifa hiyo, sikatai. Lakini niliyasoma hayo huku naikumbuka ile feni.

Kisha nikamkumbuka binti mmoja zamani, mwanafunzi wa mwaka wa pili, katoboa mara mbili mkono wa mtoto umevimba, nami nikamwambia mbele ya mama mtoto lete hapa, nyinyi wa siku hizi mwafundishwa nini? Nikaweka mwenyewe upande wa pili nikaondoka kifua mbele. Na yule binti damu alikuwa akiiona! Mara zote mbili aliiona, akasukuma, haikwenda. Hakuna aliyemwambia alaze. Aliyetakiwa kumwambia ni mie, nami najua nilivyofundishwa, kwa makelele vile vile, lakini hiyo haimsaidii yeye.

Jana kabla ya shifti nimekaa na daftari saa nzima naandika mshipa ukoje. Unabonyea na kurudi, kama mpira wa dripu uliojaa maji. Kano haibonyei, iko kama kamba ya kuanikia nguo, mwambie mgonjwa akunje vidole utaiona inacheza. Kikidunda ni ateri, kiache. Nusu ukurasa, saa nzima, na juu yake nimefuta "mwanafunzi ataelewa", manake mwalimu hataki hilo neno, anasema kuelewa hakuonekani, andika kitu nitakachokiona kwa macho.

Basi usiku wa kuamkia leo nikapata kijana wa mwaka wa pili na mzee mmoja mpole aliyekubali ajaribiwe. Nikafunga mikono nyuma. Ilikuwa kazi, ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Kijana kapapasa, kapata, kaingiza, damu ikatokea.

"Sista, damu hiyo."

"Naiona. Sasa lala."

Akanigeukia, macho yamemtoka. "Nilale?"

Mzee akacheka mpaka kitanda kikatikisika, akasema, "Mwambie alaze sindano, mwanangu, yeye hajasema ana usingizi."

Akailaza. Akasogeza kidogo, akasukuma, ikaenda yote.

Nshaandika "laza sindano" kwenye daftari, mistari miwili chini yake. Feri yenyewe ndo hii inafunga sasa, wacha nishuke.